Nafanya wodini na nyumbani kuna mtoto mchanga: ni nini hasa naweza kuwaletea?

NesiWaUmoja

Habari zenu wote. Mimi ni nesi, niko wodi ya wanaume kwa hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Si wodi ya kifua, ni ile ya kawaida, lakini mnajua venye mambo huenda, mtu analazwa akiwa ameandikiwa presha ama sukari, anakohoa hapo katikati ya wengine siku na siku, ndio majibu ya makohozi yarudi kumbe ni TB. Sasa mwenzetu mmoja amepatikana nayo na ameanza dawa. Sisi wengine tumeambiwa tupimwe na naenda, hilo si swali.

Swali langu ni nyumbani. Tunaishi bedsita Umoja, mimi, mzee, mtoto wa miezi minane na mamangu ambaye alikuja kunisaidia na mtoto. Mama ana kisukari. Amekazana yunifomu isivuke mlango, ati nibadilishie kwa korido, nguo ziingie kwa maji ya jiki hapo hapo, viatu vibaki nje, na kwa ploti yetu viatu ukiacha nje usiku asubuhi huvikuti. Mzee naye anasema yote ni bure, kama ni kupata tushapata. Kila jioni ni hiyo maneno mpaka nafika mlangoni moyo unadunda. Kwanza siku hizi za baridi mtoto akipiga chafya moja tu watu wote wananiangalia mimi.

Naomba mtu anayejua anieleze, ni nini kwa ukweli mfanyikazi wa afya hupeleka nyumbani, na inapita wapi? Nichunge nini na niache nini? Nguvu ya kufanya kila kitu sina, shifti yenyewe inanimaliza.

---

CO_Eastlands

Pole sana dada. Mimi ni klinikal ofisa, hii hofu naijua. Nikuambie tu wazi, kitu kikubwa kinachofikisha magonjwa ya kifua nyumbani ni pumzi yako wewe mwenyewe ukishaambukizwa. Yunifomu iko mbali sana nyuma.

Anza na TB juu ndio inakuumiza roho. TB inapita kwa hewa, mtu aliye nayo kwa mapafu akikohoa ama kuongea, mwingine anavuta. Haishiki kwa nguo, haishiki kwa kikombe wala sahani, kwa hivyo hakuna haja ya kumtengea mtu kijiko. Na ukiwa umevuta viini vikalala tu mwilini bila kukufanya mgonjwa, huwezi kumwambukiza mtoto wala mama. Shida inaanza vikiamka. Kwa hivyo wewe kama nesi usingoje kikohozi kifike wiki mbili, kikohozi chochote, jasho la usiku, kupungua uzito, joto lisiloeleweka, nenda toa makohozi yapimwe kwa GeneXpert, ile mashine ya kupima TB. Hospitali za umma ni bure, na dawa pia ni bure. Sisi wafanyikazi wa afya ndio wabaya zaidi kwa hili, mtu anakohoa anajinunulia dawa ya kikohozi anaendelea na shifti.

Mafua, Covid na RSV (kirusi kingine cha kifua) ni tofauti kidogo. Hizo unaweza kuanza kupeana hata kabla hujajiskia mgonjwa. RSV hasa ndio inasumbua vifua vya watoto wadogo, na inapenda mikono. Inakaa masaa kwa meza ama kitu kigumu, kwa nguo inakufa haraka zaidi. Sasa fikiria simu yako. Umeishika wodini na glavu, ukaiweka kwa troli, ukapigia mzee kwa matatu, ukafika nyumbani mtoto akaichukua akaitia mdomoni moja kwa moja. Mama anapigana na yunifomu na simu imepita. Pangusa simu na spiriti kabla utoke kazini, nawa mikono na sabuni ukiingia, badilisha nguo kwa sababu ya usafi wa kawaida, zifue na sabuni, zianike jua. Jiki kila siku itakuharibia mikono bure.

Na mtoto akifika miezi 9 asikose chanjo ya surua. Hiyo inabaki hewani hadi masaa mawili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, hakuna mlango itakusaidia.

---

BabaPacha_Pipeline

Mimi si daktari, mke wangu ndio nesi. Nasema na huyo mzee kama mwanaume mwenzangu. Boss, hiyo ya "tushapata" wacha kabisa. Kila siku ni siku yake, kutopata jana haimaanishi hutapata leo.

Sisi tuko Pipeline na wale wanaijua wanaelewa, nyumba zimebanana mpaka mchana unawasha taa, dirisha la chumba linaangalia ukuta wa jirani. 2020 Covid ilipoingia mke wangu alikua anarudi analia, watu wa floo wanamkwepa kwa ngazi, kuna jirani alikua akimuona na yunifomu anafunga mlango. Tuliambiwa mtu ajitenge kwa chumba chake na choo chake. Chumba gani? Choo ni ya floo nzima! Tulifanya tulichoweza. Yeye alilala upande wa dirisha, dirisha wazi hata kama ni baridi na mlango tunauachilia kidogo ndio hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine, sisi tunalala kichwa upande ule mwingine. Akiwa na mafua tu anavaa maski ndani ya nyumba, watoto nawashughulikia mimi, chakula nawalisha mimi. Si hospitali lakini ni kitu. Na mlango ukifunguliwa mbu nao wanaingia, tulishona neti ya mlango.

Kile kilikua kinaniuma zaidi ni kazini kwake. N95, zile maski zinazokinga anayevaa, zilikua zimefungiwa stoo, funguo ni ya mtu mmoja, na mtu huyo usiku hayuko. Ati mnapewa ile maski ya bluu muende nayo kwa mtu anayekohoa damu. Familia zetu zinaambukizwa kwa sababu ya kufuli.

---

mtu_wa_South_B

Kwa maoni yangu si ungehama tu kwa muda, ukae hata kwa rafiki mpaka majibu yatoke? Mtoto na mgonjwa wa sukari kwa chumba kimoja na mtu anatoka wodini, naona ni hatari mtu anajitakia.

---

CO_Eastlands

@mtu_wa_South_B hapana, na naomba tusimtie mama hofu zaidi. Hana dalili. Mtoto ananyonya, ukimtoa mamake unamwongezea hatari ya kuugua.

Lakini wasiwasi si wa kufikirika tu. Scotland walifuatilia hii kitu kati ya Machi na mwanzo wa Juni 2020, wakapata kati ya watu wa miaka 18 hadi 65 waliolazwa na Covid, mmoja kwa kila 6 alikua mfanyikazi wa afya ama mtu anayeishi naye. Wale wanaohudumia wagonjwa uso kwa uso walikua na hatari ya kulazwa karibu mara 3 ya raia wengine, watu wa nyumbani kwao karibu mara 2. Wale wa hospitali wasiokutana na wagonjwa walikua sawa na raia tu. Na hata hivyo wafanyikazi na watu wao waliolazwa walikua wachache, chini ya nusu ya asilimia moja yao. Halafu chanjo zilipokuja, nyumba ambazo mfanyikazi alipata dozi mbili, maambukizi kwa watu wake yalipungua kwa asilimia 54, na wengi wao hapo nyumbani walikua hawajadungwa. Kwa hivyo ukisikia kuna chanjo ya mafua ama ya Covid ya wafanyikazi, enda. Unadungwa wewe, anayepona ni mama.

Na @BabaPacha hiyo ya kufuli ndio yenyewe. Maski ya bluu haikingi anayeivaa dhidi ya TB. Mwajiri ndiye anafaa kutoa vifaa vya kinga, iko kwa sheria ya usalama kazini ya 2007. Muombe kwa maandishi, mkiwa wengi, mbaki na kopi.

---

CHP_Kayole

Hamjambo. Mimi ni promota wa afya ya jamii na mwenyewe nilishawahi kuugua TB nikapona kabisa, kwa hivyo naongea na uzoefu. Dada, majibu yakitoka uko na TB, watu wote wa nyumbani wataangaliwa. Yule asiye mgonjwa anapewa dawa za kuzuia. Watu wazima kuna ile ya mara moja kwa wiki kwa miezi 3, watoto wadogo ni ya kila siku kwa miezi 3. Mtoto chini ya miaka 5 hapo ndio wa kukimbilia kwanza, juu TB kwa mtoto inaweza kwenda kwa ubongo haraka. Chanjo ya BCG ya kuzaliwa inamsaidia dhidi ya hiyo kali lakini haitoshi peke yake. Mama pia wamwangalie vizuri, sukari inafanya TB iamke kwa urahisi.

Kitu kimoja watu hawaambiwi mapema: hiyo dawa inageuza mkojo rangi ya machungwa. Kuna mama mmoja hapa mtaani alifungua nepi akapiga nduru akidhani ni damu, akatupa dawa zote. Si damu, ni dawa inapita. Na nyinyi kina mama, ukiwa umewekewa ile ya mkono ya kupanga uzazi ama unameza tembe, mwambie daktari kabla uanze, hizi dawa zinapunguza nguvu yake.

---

NesiWaUmoja

Asanteni sana, hamjui mmenibebea nini. Hiyo ya simu sikuwa nimeifikiria kabisa, na mtoto simu ndio toi yake. Nimemsomea mama yote mpaka mwisho, amesema yunifomu iingie lakini ikae kwa mfuko wake, na dirisha amekubali lifunguliwe mchana. Mzee amesoma kimya.

Moja tu imebaki. Nikishikwa na mafua kabla majibu yatoke, ninyonyeshe?

---

CO_Eastlands

Nyonyesha. Vaa maski, nawa mikono kwanza, usimbusu mdomoni. Maziwa hayabebi hiyo mafua, yanabeba kinga. Akianza kukohoa, mngoje atulie, inua fulana uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake ikifika 50, ama kifua kinaingia ndani chini ya mbavu kila akivuta, ama amekataa kunyonya, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali hiyo usiku.