Naomba ushauri: trauti wa mto Bitterroot mwezi Machi

Habari zenu wakuu. Nipo Missoula, Montana, na nataka kuvua trauti aina ya katithroti, wale wenye mstari mwekundu chini ya taya, kwenye mto Bitterroot kabla theluji ya milimani haijaanza kuyeyuka kwa nguvu. Ikishaanza, mto unafura na maji yanakuwa tope tupu.

Wenyeji wanamtaja sana skwala, mdudu wa rangi ya zeituni anayekulia chini ya mawe, kisha Machi na Aprili anatambaa hadi ukingoni kujivua gamba. Nimefunua mawe nikawaona tele, lakini juu ya maji sioni samaki akiibuka kula. Asubuhi maji yana nyuzi 4 tu za Selsiasi, alasiri yanafika 6 au 7. Je, nisubiri alasiri ndipo nitupe chambo kinachoelea, au nizamishe hadi chini pale maji yalipotulia? Na kipande cha mwisho cha mshipi, kile kinachofungwa kwenye ndoano, kiwe chembamba kiasi gani?

Kinachonisumbua zaidi ni mazalia. Katithroti hutaga majira ya kuchipua, maji yakianza kupata joto, na sitaki kabisa kukanyaga mayai. Nimeambiwa nitazame changarawe iliyosafishwa, nyeupe kuliko ya jirani yake. Kuna dalili nyingine? Samaki wote nawarudisha majini, na vijino vya ndoano nimevibana.

Mliowahi kuvua mito ya Idaho na Wyoming nanyi karibuni mnisaidie.