Gumzo la ukoo: Mkono wa Daniel Inouye

Mjomba: Shikamoo Baba, na ninyi nyote hamjambo. Jana nilimtaja Daniel Inouye, aliyekuwa seneta wa Hawaii huko Marekani, bila kumweleza, nami naomba nitimize ahadi.

Babu: Marahaba, mwanangu. Anzia vitani, Vita vya Pili vya Dunia.

Mjomba: Alizaliwa Honolulu mwaka 1924 katika familia yenye asili ya Japani. Ndege za Japani ziliposhambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, alikuwa na miaka 17, naye alitoka mbio kwenda kuwahudumia majeruhi. Hata hivyo, serikali iliwahesabu vijana wa asili yake kuwa maadui na kuwazuia wasijiandikishe jeshini, hadi mwaka 1943 alipoacha masomo na kujiunga na kikosi cha 442, kikosi cha askari wa asili ya Japani.

Mama Mdogo: Hapo ndipo panaponiuma, kaka. Vijana hao walipokuwa wakifa Italia na Ufaransa, zaidi ya watu 110,000 wa asili yao walikuwa wamefungiwa kambini ndani ya Marekani yenyewe, na wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa.

Binamu: Mjomba, mkono aliupotezaje?

Mjomba: Ilikuwa tarehe 21 Aprili 1945, karibu na San Terenzo, Italia, vita vya Ulaya vikiwa vimebakiza majuma machache tu. Alikwisha kupigwa risasi tumboni, lakini aliendelea kupanda mlima akiwaongoza askari wake kuzikabili bunduki za rashasha. Alipoinua mkono wa kulia ili arushe bomu, alipigwa kiwikoni, mkono ukabaki unaning'inia huku vidole vikiwa bado vimelikamata bomu lile. Aliwakataza wenzake wasimsogelee, akalichomoa kwa mkono wa kushoto na kulirusha. Ndoto yake ya kuwa daktari wa upasuaji ilikufa siku hiyo.

Babu: Msiiruke hospitali ya jeshi ya Battle Creek, Michigan. Huko alikutana na majeruhi wenzake Bob Dole na Philip Hart, ambao nao baadaye waliingia Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani. Dole ndiye aliyemsimulia mpango wa kusoma sheria na kugombea ubunge. Inouye aliufuata, akamtangulia kufika.

Mjomba: Ni kweli, Baba. Hawaii ilipofanywa jimbo mwaka 1959, yeye ndiye aliyekuwa mwakilishi wake wa kwanza katika Baraza la Wawakilishi. Siku ya kiapo Spika Sam Rayburn alimwambia ainue mkono wa kulia, naye akainua wa kushoto. Aliingia Seneti mwaka 1963 na kubaki humo hadi kifo chake mwaka 2012; alikuwa katika kamati iliyochunguza kashfa ya Watergate iliyomwondoa Rais Nixon madarakani, na mwaka 1987 akaongoza kamati ya Seneti kuhusu kashfa ya Marekani kuiuzia Iran silaha kwa siri.

Mama Mdogo: Lakini Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi Marekani, alipewa mwaka 2000, miaka 55 baada ya tukio, Bunge lilipokwisha kuagiza kumbukumbu za askari wa asili ya Asia zipitiwe upya. Huo ni ucheleweshaji ambao siwezi kuusamehe.

Binamu: Na urafiki wake na Dole uliishia wapi, ilhali walikuwa vyama tofauti?

Babu: Mjukuu wangu, jeneza la Inouye lilipowekwa Capitol, jengo la Bunge la Marekani, Dole alikuwa na miaka 89 na alifika kwa kiti cha magurudumu. Alisema hakutaka Danny amwone kitini, akainuka, akashikwa mkono na kutembea hadi kwenye jeneza, kisha akampigia saluti kwa mkono wa kushoto, kwani wake wa kulia nao uliharibika vitani Italia.