Kisu kadogo ya kutembea nayo kila siku, yenye haikunjike: nichukue ya namna gani?

Mwana_Katuba
Bandugu jambo yenu. Niko natafuta kisu kadogo ya kutembea nayo kila siku lakini yenye haikunjike, bile bya kukunja nimechoka nabyo. Kazi yangu ni mizigo, naendaka Kasumbalesa mara mbili tatu kwa juma, asubuhi mpaka mangaribi ni kukata kamba, kufungua makartoni, kupasua saki ya bunga, na saa sita nikipata embe ama muwa njo ile ile kisu inafanya kazi. Sasa juma ilipita nilikuwa nakata kamba ya nailoni, nikasukuma kidogo, kisu ikajifunga juu ya kidole changu. Kale kachuma ka kuizuia kalikuwa kamejaa bunga na vumbi, mi sikuangalia. Nyuzi tatu kwa dispanseri.

Sitaki kisu ya basoda, nataka ile mama yangu akiiona asiulize kitu. Urefu gani? Inoks, ile yenye haishike kutu haraka, ama chuma ya kawaida, juu mvua inakaribia? Na banaivalaka wapi, ku mukaba? Niko na dola 30, haipite pale.

Sudere_wa_Soko_Kenya
Pole na kidole leki yangu. Urefu usikusumbue, chukua sentimita 8 mpaka 10, kwa kartoni na embe ile inatosha kabisa. Angalia unene. Bantu banakuyaka kwa atelye banataka chuma ya milimita 5 sawa ya panga, halafu banarudi banalalamika ati haikate. Itakata je? Ukiingiza ku nyanya inaipasua, haiikate. Milimita 2, 2 na nusu, basi. Na mupini ufunge ngumi yako yote, bidole binne, ile kadogo kasibakie inje juu siku mukono iko na majasho njo utajua.

Kuhusu chuma: usikubali mutu akuuzie ya resori ya motoka kama ameipunguza na disiki ya kusagia tu. Resori ni chuma nzuri, lakini ni nene, kwa kisu kadogo inafaa ipite kwa moto na nyundo, kisha izimwe katika mafuta na irudishwe kwa moto kidogo juu isivunjike. Mutu anafanya haraka na disiki, makali inapata rangi ya bluu, na ile bluu ni alama: chuma imeunguzwa, ugumu imetoka. Atakungarishia ile rangi na karatasi ya musasa usiione, kwa hiyo pima na tupa ya kunolea. Tupa ikiteleza ku makali, chuma ni ngumu. Ikiuma na kutoa unga, uache pale pale.

Kuna benye banatengenezaka na misumeno ya zamani ya mashini ya kukatia chuma. Zile za zamani za kweli ni nzuri sana hata disiki ikizipasha moto kidogo hazitishike. Lakini ziko zingine ni meno tu yenye chuma ngumu, mugongo ni ya kawaida, wanasaga meno yote banakuachia mugongo. Mi mwenyewe nililiwa hivyo mwanzo mwanzo, muzigo muzima wa misumeno, sitaki kuongea.

Yaya_wa_Bunga
Mi naona munamutafutia muntu ndege wakati anataka kinga (baiskeli). Niko nauza bunga miaka mingi, kisu yangu ni ya jikoni, ya inoks, kadogo ka kumenyea biazi. Nikisha kupasua saki napangusa ku kitenge, imeisha. Makali inaisha haraka, kweli, nainoa ku chini ya sahani ya udongo, pale penye hapana rangi.

Shida yangu haikuwaka kisu, ilikuwa nguo ya kisu. Niliifungaka na kitambaa na lastiki. Siku moja niko juu ya moto (pikipiki), njia ya Kipushi, tukaruka shimo, lastiki ikatoka, ncha ikapita sakoshi, ikapita kitenge, ikanigusa ku paja. Kidogo tu, lakini nilipiga kelele mutu wa moto karibu atuangushe. Mwana_Katuba, unauliza chuma, uliza kwanza inalala ndani ya nini.

Shofere_Likasi
Yaya amesema kweli. Shemeji alinileteaka Mora, ile ya Swideni, banaiita Companion, makali ni sentimita 10 na kitu, mupini ya mpira haitelezi. Iko na ala ya plastiki, unasukuma unasikia *tak*, hata ukiigeuza kichwa chini haitoke. Yangu ni chuma ya kawaida, siku ya kwanza nikakata embe nikailala nayo bila kupangusa, asubuhi iko na madoa ya bluu na kahawia. Kuna ya inoks pia, kwa wewe mwenye kukata matunda na kutembea na mvua chukua ile. Iko na ndugu yake kadogo Eldris, sentimita 6 hivi, lakini kwa saki naona itakupa kazi. Na usiipige nyundo ku mugongo, chuma ya Companion haifike mpaka mwisho wa mupini.

Ku mukaba hapana! Ukishuka ku parking na kisu inaonekana, polisi akikuuliza utaanza kuelezea bunga na kamba na hakuna mwenye anakusikiliza. Yangu inalala ndani ya sakoshi ya bifaa, pamoja na pensi na turnevisi, mutu akifungua anaona kazi. Na usiiweke mbele ya tumbo, ukiinama kubeba inakusukuma pale penye haifae.

Mwana_Katuba
Merci bakubwa. Sasa Mora nitaipata wapi hapa Lubumbashi na dola 30, hapo sioni. Sudere, ukinitengenezea ya sentimita 9, ala utafanya ya ngozi?

Sudere_wa_Soko_Kenya
Ngozi inanyonya maji, kisu inalala na unyevu usiku mzima, inaota kutu hata kama ni inoks ya bei kidogo. Leta kipande cha tiyo ya PVC. Naipasua urefu, naipasha juu ya mbabula, mbali na moto wenyewe na inje ya nyumba, juu ikiungua ule moshi ni sumu. Ikilainika sawa ngozi naikunja juu ya kisu yenye nimefunga na skochi, nabana katikati ya mbao mbili mpaka ipoe. Kisha tundu kadogo chini, maji itoke. Itashika kisu kama ile ya Likasi.

Mwana_Katuba
Tiyo iko nyumbani, ilibakia wakati tulitengeneza douche. Kesho saa nane niko kwako. Nakuja na tupa yangu pia, usikasirike.

Sudere_wa_Soko_Kenya
Kuja nayo. Na ule muguu wa kidole, uonyeshe kwanza, nipime mupini na mukono wenye bandeji imetoka.

Yaya_wa_Bunga
Muguu wa kidole 😂 Sudere, lala kwanza. Na mi pia nifanyie ala, ya kale ka biazi.