Wakuu, Technics SL-1200MK2 imezima ghafla, nianzie wapi?

Mwanasanturi: Heshima kwenu wakuu. Nina hii mashine ya santuri, toleo lililotoka 1979, nimeipata Kariakoo. Sinia halizunguki, taa haziwaki. Fundi kaweka mkanda mpya, wapi! Jumamosi kuna shughuli ya mzee, nataka apigiwe santuri zake. Nimekwama.

Bwashee: Nunua spika ya bluetooth, ifunike kitambaa. Mzee hatajua.

Mjukuu wa Moro: Umenikumbusha babu. Alikuwa na santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ole wako uziguse hujanawa. Alipofariki wajomba wakagawana, mimi nikaambulia makasha matupu. Vijana, tunzeni vitu vya wazee.

Fyuzi: Mleta uzi, soma kibao cha nyuma. Kimeandikwa volti ngapi?

Mwanasanturi: 100V. Ila sidhani kama ndiyo shida, maana iliwaka kwanza.

Fyuzi: Uliichomeka wapi?

Mwanasanturi: Ukutani. Kulitoka kaharufu kidogo. Lakini redio ya jirani nayo ni ya Japani na inapiga fresh tu. Fundi anasema mota imechoka, na nimeshampa advansi afunge ya redio kaseti. Siwezi kurudi nyuma sasa.

Fyuzi: Hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa Japani, huku ni 230V. Umeikaanga transfoma. Chomoa, pima kwa mita fyuzi ya ndani na upande wa transfoma unaoingia umeme. Ukikuta umekatika, tafuta transfoma ya 230V inayotoa volti zilezile, halafu ukague rigyuleta (inayotuliza volti) na kapasita (zinazohifadhi chaji). Mota iache.

Kachero: Subirini kwanza. SL-1200 haina mkanda! Sumaku ya mota imefungwa chini ya sinia lenyewe, koili zinazolizungusha ziko ndani ya mashine. Mkanda upi huo? Hii ni chai, wakuu.

Bwashee: Tena ya rangi, haina hata tangawizi 😂

Mwanasanturi: Chai gani? Risiti ninayo hapa: mkanda 25,000, ufundi 15,000.

Kachero: Basi chai kakunywesha fundi. Sinia liko wapi?

Mwanasanturi: Kwake. Kesho asubuhi anang'oa ile sumaku, lipungue uzito ili mota ya kaseti iliweze.

Fyuzi: Anafunga saa ngapi? Ondoka sasa hivi.