Naomba ushauri: klabu ya jogingi kwa mama anayeanza, Dar

Habari zenu wapendwa. Nipo Temeke, mama wa watoto wawili. Nikikimbia peke yangu nakata tamaa mapema, ila nikiwa na wenzangu, tukiimba na kupiga makofi, kilomita zinaisha sijui saa ngapi. Hao wenzangu wa jogingi nimewapenda kweli. Shida ni kasi: wengi ni vijana, naachwa nyuma, na alfajiri barabarani peke yangu naogopa.

Je, kuna klabu inayogawa watu kwa kasi, yenye akina mama wengi? Ada na sare zikoje? Natamani siku moja nikimbie zile kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, Moshi. Nianze kwa kutembea na kukimbia kwa kupokezana, au? Naombeni mnielekeze.