Nimempoteza elki wa pili kwa mshale. Nisaidieni: ni wakati gani nisiachie?

Kaka_wa_Milimani:
Wakuu, salaam. Naishi Colorado, Marekani, kazi yangu ni ya usiku ghalani. Miaka mitatu iliyopita jamaa wa zamu yangu alinitia kwenye huu ugonjwa wa kuwinda elki kwa upinde. Kwa msiomjua, ni mnyama wa jamii ya kulungu wa huku, dume lake hufika kilo 300 na ushei. Mchukulie tandala mkubwa aliyenenepa, ila mapembe yana matawi. Septemba ndiyo msimu wao wa kupandana, madume wanapiga mbinja milimani mpaka vinyweleo vinakusimama, na ndio mwezi wetu wa upinde.

Mwaka jana nilimpiga dume mdogo akiwa anatembea, yadi 38. Nililenga nyuma ya bega, ukaingia tumboni. Mshale niliuokota una majimaji ya kijani yananuka. Kwa haraka zangu nikamfuata palepale, nikamwamsha alikokuwa amelala, akaondoka mazima.

Jumamosi iliyopita tulikuwa msitu wa taifa wa White River, kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mwenzangu alikaa nyuma yangu akiita kwa sauti ya jike. Dume akaja moja kwa moja, akasimama kwenye misonobari, yadi 31. Kanikabili kimshazari, kifua na bega la kushoto kwangu. Nilikuwa nimeshavuta upinde, mkono unatetemeka, nikaona akinigundua nimekosa. Nikaachia.

Nikasikia "ko!", kama shoka likigonga fundo la mti. Mshale uliingia urefu wa kiganja tu, akakimbia nao ukining'inia. Kipande chake tulikiokota hatua sitini mbele. Baada ya hapo ni matone, damu nyekundu isiyo na povu, mita 300 hivi, kisha kavu. Tulitambaa tukigeuza jani moja moja la mti mpaka Jumapili jioni. Hakuna kitu.

Usingizi sina. Na si kwamba sijui kulenga, kwenye shabaha ya mazoezi yadi 40 naweka mishale yote ndani ya sahani ya chai. Niambieni mkao upi niukatae moja kwa moja, na kama niendelee na msimu huu.

Mwana_Kitui:
Pole ndugu yangu. Marehemu babu alikuwa na upinde na sumu ya msunguti. Yeye swala akimpata popote panapotoa damu, anakaa chini, anatoa ugoro. Sumu inamaliza kazi, yeye anafuata nyayo polepole. Mshale wako ni chuma kitupu, unaua kwa kukata tu. Ukikata pasipo na damu nyingi, umemchoma sindano.

Kaka_wa_Milimani:
Na sumu huku ni marufuku, mkuu.

Dada_Mkali:
Samahani, lakini mnyama anateseka porini wewe unauliza kama uendelee? Nunua nyama buchani kama sisi.

Mzee_wa_Montana:
Kijana, anayekugombeza mwache, ana haki yake. Mimi niko huku mwaka wa kumi na nne na mmoja wangu aliyepotea bado namuota.

Tuanze na wa mwaka jana maana huyo ni hesabu tu. Upinde wako wa kapi, huu wa kisasa wenye magurudumu, unarusha mshale futi 270 hivi kwa sekunde, sivyo? Yadi 38 ni futi 114, kwa hiyo mshale uko hewani karibu nusu sekunde. Elki anayetembea taratibu ameshasogea nusu mita. Nusu mita ndiyo tofauti ya mapafu na tumbo. Ulilenga vizuri mahali ambapo yeye hakuwapo tena. Anayetembea msimamishe kwanza, mlio mfupi wa jike kwa mdomo unatosha. Asiposimama, aende.

Na ukishaona kijani kinachonuka, kaa mbali kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili. Damu nyeusi nzito ya ini, saa nne mpaka sita. Ya waridi yenye mapovu ndiyo ya mapafu, hiyo nusu saa inatosha, naye mara nyingi hafiki mbali. Ukimkurupusha wa tumbo anatembea kilomita na hadondoshi hata tone.

Huyu wa Jumamosi sasa. Ulipiga bega. Hata kama mshale ungepenya, kwa mkao ule ungechukua pafu moja kisha uingie tumboni, na elki mwenye pafu moja anavuka mlima. Mnyama akikukabili kimshazari, jibu ni hapana. Ngoja akupe ubavu, au ageuke kidogo kukuachia mgongo. Akiwa kwenye mkao huo wa pili, usitazame ngozi iliyo karibu nawe, piga picha kichwani mguu wa mbele wa upande wa pili na upeleke mshale huko. Ila asigeuke sana, maana utapita kwanza kwenye gunia la majani, yaani tumbo.

Upinde_na_Chai:
Wengine wanapiga kifua cha mbele kabisa, pale shingo inapoungana na kifua, chini ya yadi 20. Nimeona mtu akifanya, dume hakwenda hatua hamsini.

Mzee_wa_Montana:
Umemuona aliyepata. Tundu lile ni la ukubwa wa chungwa, kulia mfupa, kushoto mfupa. Kwa mtu ambaye mkono unatetemeka sikushauri.

Kaka, nina swali. Mwenzako alikuwa nyuma yako kwa mstari ulionyooka?

Kaka_wa_Milimani:
Ndiyo, kama yadi 25 nyuma yangu.

Mzee_wa_Montana:
Basi kosa lako lilianza kabla hujauona uso wake. Dume anafuata sauti. Sauti ikiwa nyuma ya mgongo wako atakuja na kifua chake usoni kwako, kila mara, na hapo unabaki na mkao ambao nimekwambia ukatae. Mwenzako arudi yadi 50 au 60 na ajitenge pembeni, ili mnyama akiifuata sauti akupite ubavuni. Wewe kaa upande ule upepo unakoelekea, maana elki mzee hupenda kuzunguka huko anuse kwanza. Asubuhi hewa inashuka na bonde, jua likipanda inageuka. Kupanga mahali pa kukaa ndiyo nusu ya shabaha.

Jirani_wa_Mang'ola:
Nawapeleka wageni kwa Wahadzabe, wale wawindaji wa upinde wa huku Ziwa Eyasi, Tanzania. Kinachonishangaza si shabaha yao. Wananyata mpaka karibu kuliko unavyodhani binadamu anaweza. Na mnyama mkubwa wakishampiga hawapigi kelele wala kukimbia, wanakaa kabisa.

Mwana_Kitui:
Kama babu na ugoro.

Dada_Mkali:
Hujajibiwa la pili. Mimi nasema leseni yako imekwisha. Mnyama mmoja, leseni moja.

Mzee_wa_Montana:
Sheria ya huko inakudai ujitahidi kweli kumtafuta, na umefanya hivyo. Leseni bado hai. Wawindaji wengi hata hivyo huihesabu imetumika, mimi mmoja wao. Sikulazimishi.

Kaka_wa_Milimani:
Nimerudi wakuu. Nimekaa na mwenzangu, tukaelewana hivi: dume simgusi mwaka huu. Leseni yangu ni ya dume au jike, kwa hiyo jike tu, kwa ajili ya friji. Dada, najua hujaridhika.

Jana alfajiri nilimuweka jamaa pembeni kama ulivyosema mzee. Jike kaja kweli, kapita yadi 22. Lakini kasimama nyuma ya msonobari, kichwa na kifua nje, mbavu zote zimefichwa. Nimeshavuta. Nikangoja. Misuli ya mgongo inawaka, ile alama ya kulengea inachora duara kwenye manyoya yake. Mwaka jana ningeachia. Mwisho nikarudisha kamba taratibu, akaona mkono, akaruka, akaondoka na ndama wake ambaye hata sikuwa nimemuona.

Mnawezaje kushikilia muda wote huo?

Mzee_wa_Montana:
Hatushikilii. Uliwahi kuvuta. Chagua miti miwili mapema, kichwa chake kikifichwa na wa kwanza ndipo unavuta, akitokeza mbavu uko tayari. Na upunguze uzito wa upinde, yaani nguvu ya kuuvuta. Una paundi ngapi?

Kaka_wa_Milimani:
70.

Mzee_wa_Montana:
Shusha mpaka 60. Kisheria hapo mnaruhusiwa kuanzia 35. Mshale mzito kidogo, ncha yenye makali ya kunyolea, unatosha kabisa kwa jike wa yadi 22.

Kaka_wa_Milimani:
Usiku huu niko zamu. Nalegeza bolti za upinde asubuhi, Alhamisi napanda tena.