Mawimbi ya ubongo kwa walioumia uti wa mgongo: nianzie wapi kuchambua?

Mwanafunzi, Nyegezi: Wakuu, naomba mwongozo. Nimepakua rekodi za mawimbi ya ubongo za watu waliopooza miguu, na nataka kujua kama ubongo wao bado unaandaa mwendo. Nitazame elektrodi (vihisi vya kichwani) zipi, na masafa gani, yaani mawimbi ya hezi ngapi (mizunguko kwa sekunde)?

Fundi wa vifaa tiba, Ilemela: Ndugu, anza na elektrodi iitwayo Cz, iliyo utosini, kwa kuwa sehemu ya gamba la ubongo inayoongoza miguu imejificha kwenye mfereji kati ya nusu mbili za ubongo; C3 na C4, zilizo kushoto na kulia kwa Cz, huhusika zaidi na mikono. Mtu anapojaribu kusogeza kiungo, au hata anapowaza tu kukisogeza, nguvu ya mawimbi ya hezi 8 hadi 13 na ya hezi 13 hadi 30 kwa kawaida hupungua hapo, ingawa msuli hautikisiki. Chuja kwanza umeme wa ukutani, ambao kwetu ni hezi 50. Rekodi zikiwa za Marekani, ni 60.

Mtaalamu wa viungo, Igoma: Niongeze, mdogo wangu: usiwalinganishe na watu wenye afya njema kabla ya kuwatenga wenye maumivu ya neva. Kwa wenye maumivu hayo, mara nyingi mawimbi ya theta (ya polepole kuliko alfa) huongezeka, na kilele cha alfa (yale ya hezi 8 hadi 13) husogea kwenye hezi za chini, na dawa za maumivu nazo huweza kubadilisha picha.

Mwanafunzi, Nyegezi: Asante, dada. Orodha ya dawa ninayo, nitawagawa upya usiku huu.